Jubile ni ya Kuta ao ya Watu?

Wasomaji wa kijitabu chetu wamezoea kukuta humu mambo ya kwetu: mukanda, makishi, heshima ya mjomba, mahari, kilio. Mwaka huu niliomba wandugu wa komite waniachie kurasa chache niandike juu ya nyumba ya ibada ya watu wengine, tena iliyo mbali na Dilolo, kule Lubumbashi. Mmoja akaniuliza: "Mwalimu, ile sinagoga ya Bayuda inatuangalia nini siye?" Swali lake ni la haki. Nitalijibu, lakini inanipasa nianze na jambo lililotokea hapa hapa, karibu na nyumba yangu.

Kuna kanisa moja la kwetu (sitalitaja, wenyewe watajijua) linalojitayarisha kwa jubile ya miaka 50. Waliniweka sekretere wa matayarisho, kwa sababu mwalimu ni mtu wa kalamu, na kalamu hailipwi. Kwa miezi mitatu mazungumzo yetu yalikuwa juu ya kikwembe. Kiwe cha rangi gani, bei gani, picha ya kanisa iwekwe kifuani ao mgongoni. Kiisha tukaongea juu ya korale: zitaimba ngapi, nani ataanza, nani atakodi vyombo vya muziki Kolwezi. Siku moja, mkutano ukiwa karibu kuisha, mama mzee akasimama nyuma kabisa. Akasema: "Batoto bangu, lile shamba la mjomba wangu mutalirudisha siku gani?"

Wengi hatukuelewa. Wazee wakatuelezea kwa sauti ya chini: wakati wa kujenga, mjomba wa huyu mama aliazima shamba lake ili udongo wa matofali uchimbwe pale, na wajenzi walime kidogo cha kula. Aliazima. Hakutoa. Kanisa lilikwisha kujengwa, mjomba akafa, shamba likabaki mikononi mwa kanisa, na leo kuna watu wengine wanalilima kwa kulilipia. Prezida wetu akamjibu mama kwa upole: "Mama, siye tuko mu jubile, hatuko mu tribinali." Watu wakacheka, mama akakaa chini. Na miye, kalamu mkononi, niliandika katika ripoti: "Mambo mengine." Hayo tu.

Usiku usingizi ulinikataa. Nikafungua Walawi 25, sura ambayo kila mhubiri wa jubile anaitaja na wachache wanaisoma mpaka mwisho. Pale Waisraeli waliamriwa wahesabu miaka saba mara saba, ni kusema 49, na mwaka wa 50 wapige baragumu katika inchi yote, siku ya upatanisho. Ile pembe ya kondoo dume ndiyo iliyoitwa yobeli, na jina la mwaka likatoka kwenye pembe. Sasa, mwaka ule ulikuwa wa kufanya nini? Kila mtu alirudia shamba la ukoo wake hata kama aliliuza kwa sababu ya njaa. Aliyejiuza kuwa mtumwa alitoka na watoto wake. Kikwembe hakitajwi. Kumbe katika mkutano mzima, yule mama peke yake ndiye aliyeongea juu ya jubile.

Basi nikaanza kufikiri juu ya wale waliotupatia neno hilo. Wayahudi wenyewe, wanaposherehekea miaka ya nyumba yao ya ibada, wanasherehekea nini? Na ndivyo fikra zangu zilivyokwenda Lubumbashi.

Waliosoma kule wanaijua ile sinagoga. Iko katika mji wenyewe, upande uliokuwa wa Wazungu, si mbali na majengo mengine ya wakati ule. Ilijengwa mwaka 1929 na 1930, kwa mchoro wa mjenzi Raymond Cloquet. Karne yake inakaribia. Lakini jamii iliyoijenga ni ya zamani kuliko kuta: Elisabethville ulianza mwaka 1910 reli ilipofika kutoka kusini, na mwaka uliofuata, 1911, Wayahudi wa Katanga walikwisha kuwa na ushirika wao. Wa kwanza walikuwa watu wa Ulaya ya mashariki, waliopitia Afrika ya Kusini na Rhodesia wakifuata reli na shaba. Nyuma yao wakaja wengi zaidi kutoka kisiwa cha Rhodes, kile ambacho Biblia yetu ya Kiswahili inakiita Rodo, fasi meli ya Paulo ilipopitia.

Hao wa Rhodes hawakuwa matajiri. Kisiwa chao kilikuwa chini ya Waturuki, kiisha toka 1912 chini ya Waitalia, na kazi ilikuwa ngumu. Kijana mmoja alikuja Kongo, akauza chumvi na vitambaa, akaandika barua, ndugu yake akaja, kiisha shemeji, kiisha jirani. Nani kati yetu hajui namna hiyo ya kusafiri? Watoto wetu wanavyokwenda Kolwezi kuchimba, na sasa Angola na Zambia, ni barua ile ile, tofauti ni kwamba siku hizi inapita kwa telefone. Nyumbani waliongea Kihispania cha zamani, kwa sababu babu zao walifukuzwa Hispania mwaka 1492, nao wakabeba lugha ya waliowafukuza kwa zaidi ya miaka 400. Mwaka 1937 akaja kwao rabi kijana aliyesomea palepale Rhodes, Moïse Levy. Alibaki na hilo kundi mpaka 1991, wakati wa Wabelgiji, wakati wa Tshombe, wakati wa Mobutu. Miaka 54! Mapadri na wachungaji wetu wanahamishwa kila miaka michache.

Kabla ya uhuru Wayahudi wa Kongo nzima walikaribia 2,500, na kama nusu yao walikuwa Elisabethville. Kiisha wakaanza kuondoka. Vita vya uhuru na vya kujitenga kwa Katanga viliondoa wengine. Mwezi wa kumi 1973 Mobutu alivunja urafiki na Israeli, na tarehe 30 mwezi wa kumi na moja mwaka ule ule akatangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatapewa wenyeji. Wakaenda Bruseli, Cape Town, Israeli, na kwingine. Wengi wa waliobaki inchini leo wako Kinshasa. Kule Lubumbashi kuta zinasimama, lakini waliokuwa wakizijaza wamebaki vidole vya kuhesabu.

Na hapa ndipo swali linakuwa gumu. Katika sheria ya Wayahudi, mtu mmoja anaweza kumuomba Mungu peke yake, popote. Lakini ibada ya jamaa, ile ya kufungua kitabu cha Tora mbele ya wote, inaomba watu wazima 10. Kwa mapokeo ya hao wa Rhodes, wanaume 10. Tisa hawatoshi, hata kama hao tisa ni watakatifu. Abrahamu alipobishana na Mungu juu ya Sodoma alishuka mpaka 10 akaishia pale. Na kuna sala moja, Kadishi, anayoisema mtu aliyefiwa na baba ao mama. Ndani yake kifo hakitajwi hata mara moja, ni sifa kwa Mungu tu. Na sala ile haiwezi kusemwa pasipo wale 10. Angalia maana yake: kwa kumkumbuka mfu mmoja kwa njia ya haki, unahitaji watu 10 walio hai. Kwetu pia mtu hazikwi na mtoto wake peke yake. Mjomba asipofika, kilio kinangoja.

Sasa nauliza. Siku sinagoga ile itakapotimiza miaka 100, wakikosekana 10 wa kuomba, je, kuna jubile?

Jibu la kwanza linalokuja mdomoni ni hapana. Nyumba ni ya watu, watu wakiisha, nyumba ni matofali. Kijiji chetu kikihama, hatufanyi sikukuu kwa kibanda kilichobaki nyuma. Tunakiacha kwa mchwa. Nilifikiri hivyo kwa muda mrefu, na wanafunzi wangu wa mwaka wa sita wanafikiri hivyo mpaka leo. Ni babu yangu aliyenigeuza, naye alikwisha kufa kabla sijajiuliza swali lenyewe.

Babu yangu, mzazi wa mama, alipokuwa kijana alifanya kazi katika duka la mfanyabiashara mmoja kwenye sitasioni ya reli hii yetu, ile iliyofunguliwa mwaka 1931 kutoka Tenke mpaka Dilolo kuelekea bahari ya Lobito. Wazee waliwaita wote "Bagriki", wawe Wagiriki kweli, wawe Wareno, wawe Wayahudi. Jina la yule bwana sitaliandika. Babu hakumpenda sana. Alisema mweusi alinunua kwa dirisha la pembeni, hakuingia kwa mlango wa mbele. Na mizani ya pamba, babu aliijua vizuri kuliko aliyekuja kuuza, lakini alinyamaza kwa sababu ya mshahara. Kiisha kulikuwa na siku moja, vita vya Wazungu vikiwa vimeisha ao vikiwa karibu kuisha, bwana yule alipata barua. Akafunga duka. Akavua viatu, akakaa chini, juu ya simenti, shati limechanika hapa kifuani. Siku saba. Babu alimletea maji. "Nilijua kama ni kilio," alikuwa akisema, "juu alikaa chini sawa siye. Lakini sikujua amefiwa na nani. Nilifikiri ni mama yake."

Miye nilikuja kujua katika vitabu, miaka mingi nyuma. Mwezi wa saba 1944, Wajerumani walipokuwa wameshika Rhodes, walikusanya Wayahudi wa kisiwa, zaidi ya 1,600, wazee, wamama, watoto wa kunyonya, pamoja na wale wa kisiwa cha Kos, wakawapakia katika mashua, kiisha katika treni mpaka Auschwitz. Walionusurika ni kama 150. Yule bwana wa mizani hakufiwa na mama peke yake. Alifiwa na mtaa. Alifiwa na fundi viatu, na mwalimu wake, na wasichana aliocheza nao. Mtu anakaa chini kwa siku saba juu ya mtu mmoja. Juu ya mtaa mzima anakaa siku ngapi?

Tangu nilipojua hilo, siwezi tena kusema kwamba zile kuta za Lubumbashi ni matofali tu. Kule Rhodes kuna sinagoga ya mwaka 1577, inaitwa Kahal Shalom, inasimama mpaka leo, na watalii wanaiingia. Watu wake walikwenda fasi mbili: wengi waliuawa, na wengine walikuwa kwetu na katika inchi nyingine za mbali. Nyumba ya Lubumbashi ni mtoto aliyezaliwa na mama ambaye hakuwa na habari kama atauawa. Jamaa ya watu ingalifutika kabisa kama vijana wachache maskini wasingalifuata shaba mpaka Katanga. Ndivyo ilivyo.

Lakini sitaki kusema uongo kwa sababu ya huruma. Mji uliowaokoa ni mji ule ule uliotutenga. Kati ya mji wa Wazungu na mtaa wa weusi kule Elisabethville kulikuwa na uwanja mtupu uliowekwa makusudi, na usiku mtu mweusi hakuruhusiwa kuuvuka bila karatasi. Sinagoga ilijengwa upande ule. Na kama nyumba zote za mji ule, mikono iliyopanga matofali ilikuwa ya watu weusi, ambao hakuna aliyeandika majina yao. Wabelgiji wenyewe waliwadharau hao wa Rhodes, wakawahesabu Wazungu wa daraja ya pili. Hata hivyo daraja ya pili ilikuwa juu ya daraja yetu, nao wakaikaa. Mtu aliyekimbia mateso anaweza kukaa juu ya kiti kilichowekwa mgongoni mwa mwingine, asijisikie na kosa, kwa sababu hakukiweka yeye. Sisemi hivyo ili kuwahukumu. Nasema kwa sababu katika jubile watu wanapenda kusoma kurasa nyeupe tu.

Kuna na jambo la damu, ambalo kwetu huku Lualaba kila mtu analijua na wachache wanaliandika. Wanaume wengi wa Rhodes walizaa na wamama wa kwetu. Moïse Katumbi, aliyekuwa gavana wa Katanga toka 2007 mpaka 2015, baba yake alikuwa Myahudi wa Rhodes, Nissim Soriano, na mama yake ni Mukongomani. Sheria ya Wayahudi inasema Myahudi ni yule aliyezaliwa na mama Myahudi. Watu wa inchi nyingine wanaishangaa sheria hii. Sisi Watshokwe na Walwena hatuna cha kushangaa, kwa sababu kwetu pia mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Kwa hiyo watoto wale, kwa sheria ya baba yao na kwa sheria ya mama yao, ni wetu. Sheria mbili zilizozaliwa mbali namna hii zinakubaliana, na matokeo ni kwamba mtoto hahesabiwi kati ya wale 10. Damu yao inatembea katika miji yetu yote, na sinagoga inakosa watu. Sijapata jibu la kunitosha juu ya jambo hili. Sheria ya kabila si mlango wa duka la kufunguliwa kila saa. Lakini mlango usiofunguliwa hata mara moja, siku moja unakuta ndani hakuna mtu wa kuufunga.

Wengine wa kwetu wataniambia: "Siye pia tunatahiri, mukanda ni agano la Abrahamu, kwa hiyo siye ni Bayuda." Nimeisikia hadithi hiyo hata kwa watu wenye diplome. Wandugu, mukanda una maana yake, ni shule ya kuwa mtu. Hauhitaji kuazima baba wa mbali ili uheshimiwe. Kisu peke yake hakifanyi Myahudi, kingalikuwa hivyo Afrika yote ingalikuwa Israeli.

Hata hivyo kuna mtu mmoja ambaye kwake kisu kilikuwa mwanzo. Uganda, upande wa Mbale, palikuwa na mkubwa wa vita anaitwa Semei Kakungulu, Muganda aliyewapigania Waingereza, na kiisha akaona hawakumpa alichotumainia. Akasoma Biblia yeye mwenyewe, akashika zaidi vitabu vya Musa. Walipomwambia kwamba kutahiri ni jambo la Wayahudi, akasema basi, nitakuwa Myahudi. Mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe. Hakuna rabi aliyemfundisha, hakuna mzungu aliyemtuma. Mwaka 1922 akachapisha kitabu chake cha kanuni na sala kwa Kiganda. Alikufa mwaka 1928, na kundi lake, Abayudaya, likabaki juu ya vilima, bila pesa, bila ndugu wa ng'ambo.

Wakati wa Idi Amin ibada yao ilikatazwa. Waliomba kwa siri, wengi wakachoka wakaenda makanisa mengine ao msikiti, wakabaki kama 300. Kampala ulianguka tarehe 11 mwezi wa ine 1979, na jioni ya siku ile ndiyo iliyokuwa mwanzo wa Pasaka ya Wayahudi, sikukuu ya kutoka utumwani. Fikiri furaha yao. Leo wanahesabiwa kama 2,000. Rabi wao, Gershom Sizomu, alisoma Los Angeles, akawekewa mikono mwaka 2008, akarudi kwao. Mwaka 2019 walitimiza miaka 100 tangu Kakungulu.

Sasa weka hizi mbili pamoja. Lubumbashi: nyumba nzuri, mchoro wa mjenzi wa kweli, na watu wamekwenda. Kilima cha Nabugoye: kwa miaka mingi nyumba ya maskini, na watu wamejaa. Mtu wa haraka atasema jubile ya kweli iko Nabugoye, na miye namfuata kwa sehemu kubwa, sana sana kwa sababu ya nyimbo. Abayudaya waliimba zaburi kwa Kiganda na kwa Kiebrania, kwa sauti za kwao, korale yenye pande zote kama korale zetu. Mwaka 2003 nyimbo zao zilitolewa Marekani katika sahani ya Smithsonian Folkways, dunia ikashangaa. Lakini walikuwa wakiimba kabla dunia haijasikia, hata wakati wa kujificha, kwa sauti ya chini. Mwimbaji wao mmoja, J.J. Keki, mwaka 2004 alitembea nyumba kwa nyumba akiwaomba majirani Waislamu na Wakristo waungane nao kuuza kahawa pamoja, na ushirika ukazaliwa. Kwangu hilo liko karibu na yobeli kuliko hotuba yoyote.

Juu ya muziki kuna kitu kingine kilichonigusa. Katika sinagoga nyingi zinazofuata mapokeo ya zamani, siku ya Sabato vyombo havipigwi. Moja ya sababu wanazotoa ni kilio: hekalu la Yerusalema lilibomolewa mwaka 70, mule vinubi na matari vilipigwa, na toka siku ile sauti ya mtu peke yake inatosha. Karibu miaka 2,000 ya kunyamazisha ngoma! Kwetu ngoma ya furaha inanyamaza mpaka kilio kitoke, na tunaona siku chache ni nyingi. Na hawa hawa watu, wenye kunyamaza namna hii, wakiimba ni furaha kamili, wanapiga makofi, wazee wanacheza na kitabu cha Tora mikononi. Zamani nilidhani ni lazima mtu achague: ao unalia, ao unasherehekea. Sasa naona kwamba chombo kinachokosekana ni sehemu ya wimbo. Anayejua kwa nini ngoma hailii, anausikia.

Kwa hiyo jibu langu la pili juu ya Lubumbashi si hapana tena. Itakapofika miaka 100, hata wakiwa watano, hata akiwa mlinzi peke yake mwenye kushika funguo na kufagia majani ya mwembe, kuna jubile ya kufanya. Pengine si ya ibada, kwa sababu 10 hawapo na sheria yao ni yao. Lakini kuna deni, na deni halihitaji watu 10. Waje watoto wa waliokwenda Bruseli na Cape Town, waseme majina ya wafu wa Rhodes. Waje na wajukuu wa waliopanga matofali, hata kama majina hayajulikani, wasimame upande ule wa mji uliokuwa umekatazwa kwao. Waje na wale wa damu mbili. Na sisi wa inchi tujiulize juu ya 1973. Tulisema tunarudisha mali kwa wenyeji, tukapiga baragumu yetu. Ilikuwa yobeli? Waliogawiwa walikuwa marafiki wa wakubwa, maduka yakala mwaka mmoja miwili yakafa, chumvi ikakosekana hata hapa kwenye reli. Babu alisema duka la yule bwana lilipewa mtu ambaye hakujua hata mizani inasimama upande gani. Na dirisha la pembeni? Lilibaki. Mwenye duka mpya naye alituuzia kwa dirisha.

Nilisoma sehemu ya maneno haya mbele ya komite ya kanisa letu, katika mkutano uliofuata, ile habari ya Walawi sana sana. Nilibadilisha na ripoti: nilifuta "Mambo mengine" nikaandika neno la mama kama alivyolisema, na jina la mjomba wake. Prezida hakufurahi. Alisema shamba lina karatasi sasa, karatasi ni ya kanisa, na wanaolilima wamelipa mpaka mwaka ujao. Mwingine akasema tumrudishie nusu. Mwingine akasema tumpe mama kikwembe cha bure na kiti cha mbele siku ya sikukuu. Kulikuwa na kijana wa korale aliyeuliza kama hiyo pembe ya kondoo inapatikana Kolwezi, kwa sababu ingependeza pale mwanzoni, kabla ya wimbo wa kuingia.

Hatukukata shauri. Vikwembe vimekwisha kufika, viko kwangu, mabunda ishirini, vimejaza chumba cha watoto. Mama amekuja mara mbili kuniuliza kama neno lake liko kweli katika kitabu. Nilimfungulia nikamwonyesha. Hajui kusoma, lakini aliweka kidole juu ya mstari, akakiacha pale muda mrefu, kiisha akaniuliza shamba linaandikwa wapi.